Je, Wajua? Nobu ya Sauti Inaweza Kuzungushwa na Rimoti

Je, wajua kwamba safari ya kuachana na waya ilipita Great Portland Street, London? Mwaka 1879 mvumbuzi David Edward Hughes aliwasha mtambo wa cheche nyumbani kwake, akatoka barabarani na kipokezi cha simu sikioni. Aliusikia mpaka umbali wa karibu mita 450. Wakuu wa Royal Society walikwenda kushuhudia mwaka 1880, wakamwambia hapo hamna jipya. Akavunjika moyo, asichapishe kitu. Mwaka 1896 Guglielmo Marconi akarusha mawimbi kutoka paa la Posta Kuu ya jiji hilohilo, sifa zote zikawa zake. Hughes hakutendewa haki.

Je, wajua kwamba rimoti ya televisheni ya Zenith ya mwaka 1950 ilikuwa na waya, na watu wakijikwaa nao sebuleni?

Spika nyingi za kompyuta bado zina waya wa namna hiyo, na nobu ya sauti mwishoni. Si lazima uzitupe ndipo upate rimoti. Zipo volyumu, yaani kile kifaa kinachozungushwa na nobu, zenye mota ndogo mgongoni: ukibonyeza rimoti, nobu inazunguka yenyewe mbele ya macho yako, na bado unaweza kuizungusha kwa mkono bila kuvunja kitu. Umeme ukikatika, inabaki palepale ulipoiacha. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

Rimoti nyingi huwasha na kuzima taa yao mara 38,000 hivi kwa sekunde, na kipokezi hufuata mdundo huo tu, kisichanganywe na jua wala balbu. Macho hayauoni mwanga huo, lakini elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze: simu nyingi zitakuonyesha nukta ya zambarau ikimetameta.

Je, wajua kwamba ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, spika huhitaji nguvu kama mara 10? Hizo ni desibeli 10. Na sheria ya kelele ya Uingereza ya mwaka 1996 imeshika kipimo hichohicho: kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi, pale ambapo sauti ya kawaida ya mahali imezidi desibeli 24, kelele ya jirani isiipite kwa zaidi ya desibeli 10. Kwenye fleti za London, rimoti mkononi inakuokoa na ugomvi wa ukutani.

Ila usikate waya kwa pupa. Katika spika nyingine waya ule hubeba muziki wenyewe. Katika nyingine hubeba umeme mdogo wa kuamrisha amplifaya tu. Chomoa plagi kwanza, fungua nobu, soma thamani iliyoandikwa kwenye volyumu, kama 10K au 50K, kisha nunua yenye mota ya thamani hiyohiyo.