Rola Dabi: Kanuni na Adhabu kwa Mtelezaji Chipukizi

Mkenya asikiapo neno dabi, aghalabu fikra zake humpeleka kwenye pambano la Gor Mahia na AFC Leopards. Dabi inayozungumziwa hapa ni nyingine kabisa. Ni mchezo ulioasisiwa na Leo Seltzer mjini Chicago mwaka wa 1935, ambapo wachezaji huvaa viatu vya magurudumu na kuuzunguka uwanja wenye umbo la yai. Baada ya kudidimia kwa muda mrefu, ulifufuliwa na wanawake wa Austin, Texas, mwanzoni mwa karne hii. Chama cha WFTDA, ambacho chimbuko lake ni mwaka wa 2004, ndicho kinachotunga kanuni zinazofuatwa na timu nyingi. Makala haya yananuia kuzifafanua kanuni hizo, hususan adhabu, kwani chipukizi wengi huzikariri kama orodha ya makatazo pasipo kujua zinalinda nini.

Kila timu huingiza wachezaji watano. Mmoja, ambaye tutamwita mpenyaji (istilahi hizi tumejiundia, na msomaji aliye na bora zaidi atufae), huvaa nyota kwenye kofia yake. Wanne waliosalia ni wazuiaji. Mchezo una vipindi viwili vya dakika 30, navyo hugawanywa katika mikupuo isiyozidi dakika 2 kila mmoja. Mpenyaji akishalipita kundi mara ya kwanza, huanza kupata alama moja kwa kila mzuiaji wa timu pinzani anayempita. Wa kwanza kupenya bila kukosea huwa kiongozi, naye ana hiari ya kuukatiza mkupuo kwa kujipigapiga kiunoni. Hiyo ni silaha kali kuliko chipukizi anavyodhani: kiongozi huvuna alama zake, kisha akausimamisha mkupuo kabla mpinzani hajapata chochote.

Kumsukuma mpinzani kunaruhusiwa. Suala ni kiungo gani kinatumika, na kinagonga wapi. Bega, kifua, nyonga na paja la juu ni halali kutumiwa. Kichwa, kiwiko, kigasha na viganja ni haramu. Kwa upande wa anayegongwa, hairuhusiwi kumlenga mgongoni, kichwani wala mguuni chini ya nusu ya paja. Sababu ni bayana. Anayesukumwa mgongoni haoni kijacho, na anayekwatuliwa mguu huanguka kabla ya kujikinga. Mguso usio na athari yoyote hauadhibiwi. Yale makosa madogo yaliyokuwa yakihesabiwa zamani yaliondolewa mwaka wa 2013.

Linalowatatiza wageni zaidi ni kundi lenyewe. Kundi ni mkusanyiko mkubwa zaidi wa wazuiaji wa timu zote mbili, walio wima ndani ya uwanja, wasioachana kwa zaidi ya mita 3 hivi. Mzuiaji aliye zaidi ya mita 6 mbele au nyuma ya kundi hana ruhusa ya kumzuia yeyote, na anayelivunja kundi kwa hila huadhibiwa. Pasipo kundi, mpenyaji hana cha kupenya.

Kisha kuna kukata njia. Aliyesukumwa nje ya mstari sharti arejee nyuma ya aliyemtoa na wote waliokuwa mbele yake. Ndiyo maana mzuiaji stadi, akishamtoa mpenyaji, hurudi kinyumenyume ili amrefushie safari. Chipukizi hudhani anaonewa. La hasha, huo ni ufundi halali.

Adhabu ni sekunde 30 kizimbani. Muda huo waonekana mfupi, ila timu haiingizi mwingine badala ya aliyetoka, na mpenyaji akiwa kizimbani wenzake hawapati alama hata moja. Mkupuo ukiisha kabla ya adhabu, salio huhamia mkupuo ufuatao. Adhabu 7 humtoa mtu mchezoni.

Mwamuzi hutaja rangi ya timu, nambari na kosa. Mchezaji hana budi kutoka papo hapo. Kukawia kwaweza kumzidishia adhabu. Katika sekunde 10 za mwisho husimama, kisha hurejea uwanjani nyuma ya kundi zima. Akijisahau akaingia mbele yao, atakuwa amekata njia, na kizimba kitampokea tena.