Kuku wa Baraka, mamba wa ziwa na siri ya mwendo wa dinosaria

Mamba anayejianika kando ya Ziwa Tanganyika na kuku anayezunguka uwanjani mjini Baraka hawatembei namna moja. Miguu ya mamba imetanuka pembeni, na akitambaa mwili wake unapinda huku na huku. Miguu ya kuku iko chini ya mwili na inabeba uzito wote. Dinosaria walisimama kama kuku, na wanasayansi wanahesabu ndege kuwa uzao wao.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Tanzania, inchi ya ng'ambo ya ziwa ambayo wakimbizi wengi wa Fizi wanaifahamu kwa kambi ya Nyarugusu. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbisha kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na kupeleka Berlin tani karibu 250 za mifupa ya miaka milioni 150 hivi.

Mifupa inasema nini?

Giraffatitan alikuwa na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hivyo shingo ilielekea juu kwenye majani. Mifupa ya shingo ilikuwa na matundu ya hewa, kama ya ndege, ili isimlemee. Lakini kwa uzito wa zaidi ya tani 20, hakuweza kuruka.

Elaphrosaurus alikuwa mwembamba, na muundi wake ulizidi paja kwa urefu, alama ya mnyama wa mbio. Kentrosaurus, mwenye miguu mifupi ya mbele, uzito wake ulikaa nyuma. Aligeuka upesi na kumchapa adui kwa mkia wenye miiba.

Wataalamu nao walikosea. Giraffatitan aliposimamishwa Berlin mwaka 1937, viwiko vyake vilitanuliwa kama vya mjusi na mkia ukaburuta chini. Mwaka 2007 alisimamishwa upya: miguu imenyooka, mkia uko hewani, na urefu wake ni metre 13.27.

Nani alibeba mzigo?

Mamia ya Waafrika, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, ndio waliochimba. Wapagazi walibeba mifupa vichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji.

Wabunge wa Tanzania wamewahi kudai mifupa irudishwe. Hadi leo, mtoto wa Lindi anayetaka kumwona jitu huyo akisimama anahitaji viza ya Ujerumani.