Kutii sheria na kuwa mwema si jambo moja: Somo la dadu mpakani

MJINI Busia, mtu yule yule anaweza kuitwa mfanyabiashara asubuhi na mlanguzi jioni. Gunia lake la maharagwe ni lile lile. Kilichobadilika ni alikopitia tu: langoni kwa watu wa forodha au kwenye njia ya panya.

Je, mtu huyo ni mwema au mwovu? Wengi wetu hulijibu swali hili kwa mazoea. Lakini kuna mchezo wa mezani ambao umelipanga vizuri kuliko mabishano yetu ya sokoni, na baadhi ya vijana wanaorejea kutoka ng'ambo huja nao nyumbani.

Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka wa 1974. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akabuni mhusika wake na kuandika sifa zake kwenye karatasi. Mmoja wao huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali walipo na hatari inayowakabili, nao wenzake husema wahusika wao watafanya nini. Jambo likiwa la kubahatisha, dadu hurushwa, ikiwemo ile ya pande 20.

Miongoni mwa sifa hizo ni msimamo wa maadili. Mwaka wa 1974 misimamo ilikuwa mitatu tu: wa utaratibu, wa vurugu na wa katikati. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliifanya kuwa tisa, kwa kuuliza maswali mawili badala ya moja. Kwanza, mhusika huyu ni mtii wa sheria, wa katikati, au hafungwi na sheria? Pili, ni mwema, wa katikati, au mwovu? Majibu matatu mara matatu ni tisa.

Mjane na tajiri

Mpwa wangu aliyerudi kutoka Marekani alituchezesha mchezo huu Tororo, mimi, shangazi yangu na jirani yake, wote wawili wakiwa wachuuzi wa Busia. Aliacha majoka ya vitabuni akasimulia habari za mpakani.

Mhusika wa kwanza alikuwa mjane anayevusha trei kumi za mayai kwa njia ya panya ili apate karo. Njiani anakuta mtoto aliyepotea, anatua mzigo na kumrudisha kwao. Wa pili alikuwa tajiri mwenye stakabadhi zote, anayelipa ushuru hadi senti ya mwisho. Lakini huwakopesha wachuuzi kwa riba ya kuwanyonga, kisha huchukua mashamba yao kwa mkataba uliotiwa sahihi.

Kwa maswali yale mawili, mjane ni mwema asiyefungwa na sheria, na tajiri ni mwovu mtii. Jirani alicheka akasema watu wa aina hiyo anawajua.

Shangazi hakucheka. "Mayai hayo nani ameyakagua?" akauliza. "Mtoto wa mtu akiyala augue, utamwita mwema? Na mimi niliyelipa nitauza bei gani sokoni?"

Hoja yake ina uzito. Sheria ya mpakani humlinda mlaji na mchuuzi mwenzako pia. Anayeikwepa kwa shida ya kweli bado humwachia mtu mwingine hasara.

Jirani naye akarudi nyuma kwenye miaka ya sabini. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ilipanda duniani. Kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya. Serikali ya Idi Amin ilikuwa imetoa amri mwaka huo huo iliyoruhusu adhabu ya kifo kwa makosa ya uchumi, magendo yakiwemo. Je, mkulima aliyeivunja amri hiyo ili alishe watoto alikuwa mwovu? Mezani hatukukubaliana.

Sheria nazo hubadilika. Leo, chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama zenye thamani isiyozidi Dola 2,000 za Marekani huvuka bila ushuru wa forodha, zikiwa na cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Vibali vya afya bado huhitajika kwa baadhi ya bidhaa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kilikusudiwa kumfanya msafiri asimame mara moja tu. Kwa mchuuzi mdogo, kutii kumekuwa nafuu kuliko zamani za wazazi wetu.

Jina si tendo

Mchezo huu wenyewe umewahi kulaumiwa. Kwa miaka mingi vitabu vyake viliandika viumbe wa jamii nzima, kama vile orc, kuwa waovu kwa kuzaliwa. Mwaka wa 2020 wachapishaji wake, Wizards of the Coast, walitangaza kwamba wangerekebisha hali hiyo.

Sisi wa mpakani tunaijua lawama ya aina hiyo. "Watu wa upande ule ni wezi," husemwa pande zote mbili, ilhali Wasamia na Wateso wako huku na huku. Aliyerejea kutoka ng'ambo naye huitwa mwenye maringo kabla hajasalimia.

Msimulizi mzuri huutazama mwenendo wa mhusika. Aliyejiandika mwema akizidi kuwadhulumu wenzake, msimamo wake hubadilishwa kwenye karatasi, apende asipende.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia fulani amekamatwa na mzigo, au fulani anasifiwa kwa stakabadhi safi, uliza maswali yote mawili. Amevunja sheria gani? Na amemdhuru nani?