Chumba Nacho Ni Sehemu ya Ruta

Kampuni ya simu inaponunua ruta kubwa, ile inayobeba mawasiliano ya mkoa mzima, mazungumzo mezani huwa juu ya kasi: gigabiti ngapi, kadi ngapi, leseni za miaka mingapi. Chumba kitakachoipokea hukumbukwa baadaye, mara nyingi mkataba ukishatiwa saini. Naona hapo ndipo tunapokosea zaidi. Mitandao ya namna hii hutakiwa iwe hewani asilimia 99.999 ya muda, yaani izimike kwa jumla ya dakika 5 hivi kwa mwaka. Hakuna programu itakayozilinda dakika hizo kama sakafu, umeme na hewa ya chumba havikuandaliwa.

Uzito hauna maneno mengi. Ruta kama Juniper MX960, yenye kimo cha sentimita 70 hivi, ikijazwa kadi zake zote hukaribia kilo 150, sawa na mifuko mitatu ya saruji. Ukiweka mbili juu kwa juu katika raki moja, mzigo wote huo unatua kwenye miguu minne midogo. Raki ifungwe kwa bolti hadi kwenye zege, na kabla ya mashine kufika mtu apime upana wa mlango na uwezo wa lifti.

Umeme ndio wenye mambo. Ruta za kampuni za simu kwa kawaida hulishwa mkondo mnyoofu wa volti 48, na upande chanya ndio unaofungwa ardhini, kwa hiyo kwenye michoro huandikwa -48. Ni urithi wa simu za waya. Mafundi wa zamani waliona kwamba shaba iliyofukiwa, ikiwa hasi dhidi ya udongo, hailiwi upesi na kutu. Faida iliyobaki hadi leo ni betri: zimeunganishwa moja kwa moja kwenye njia ya umeme, hivyo gridi ikikatika ruta haisubiri swichi yoyote igeuke. Haijui hata kama kuna kilichotokea.

Lakini volti ndogo ina bei yake. Mzigo wa kilowati 10 kwenye volti 230 huvuta ampea 43 hivi; kwenye volti 48 unavuta 208. Nyaya lazima ziwe nene na fupi. Tena volti 48 ni jina tu. Betri za risasi zikiwa kwenye chaji husimama karibu na volti 54, na zikikaribia kuisha hushuka hadi 43. Ruta haipunguzi kazi kwa sababu betri zimechoka: inataka wati zile zile, kwa hiyo ampea hupanda hadi 230 na zaidi. Aliyechagua breka kwa hesabu ya volti 54 ataiona ikiruka wakati ule ule betri zilipohitajika zaidi. Hesabu ifanywe kwa volti ya chini kabisa.

Ruta hizi huwa na njia mbili za umeme, A na B, ili moja ikifa nyingine ishike mzigo wote. Ulinzi huo ni bure ikiwa njia zote mbili zinaishia kwenye kabati moja la breka. Na hata zikitenganishwa, kila moja ikishabeba asilimia 60 ya uwezo wake, siku A itakapozimika B itatakiwa kubeba 120, nayo itaanguka.

Kila wati inayoingia kwenye ruta hutoka ikiwa joto. Kilowati 10 ni BTU 34,000 hivi kwa saa, kazi ya viyoyozi vitatu vya BTU 12,000 bila kuhesabu jua la ukutani wala mashine nyingine. Sasa fikiria gridi imekatika. Betri zinaendelea kuilisha ruta, lakini viyoyozi havikuunganishwa kwenye betri, vimezima. Chumba cha mita nne kwa nne, chenye kimo cha mita tatu, kina hewa ya kilo 58 hivi. Kwa hesabu ya hewa peke yake, kilowati 10 huipandisha nyuzi 10 kwa dakika moja. Kuta na vyuma hufyonza sehemu ya joto hilo na kukuongezea muda, ila muda wenyewe ni wa dakika, si wa saa. Ukinunua betri za saa nane kwa chumba kisichohimili hata saa moja bila kiyoyozi, umetupa fedha. Betri zenyewe huumia: ya risasi ikikaa nyuzi 10 juu ya 25 iliyokusudiwa, umri wake hupungua karibu nusu.

Kanuni za NEBS, zilizoanzia Bell Labs za Marekani, hutaka mashine ihimili nyuzi 5 hadi 40 siku zote, na hadi 50 kwa muda mfupi usiozidi saa 96 mfululizo na siku 15 kwa mwaka. Wengi huisoma 50 kama ruhusa, na hali ni akiba ya dharura. Kipimajoto nacho kikae pale ruta inapovutia hewa. Si kila ruta huvuta kwa mbele: MX480, nayo ya Juniper, huvuta ubavuni, na ukizipanga mbili sambamba, ya pili itavuta hewa ya moto ya mwenzake.

Mahali pia huamua. Nairobi, mita 1,800 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa kwa joto lile lile, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Kandokando ya Ziwa Victoria ni radi, na hapo ethi ya chumba, ya mnara na ya raki lazima ziunganishwe pamoja. Pwani, ambako kebo za baharini za EASSy na SEACOM hutua Mombasa na Dar es Salaam, adui ni chumvi. Vumbi la chumvi lililotua kwenye kadi huanza kunyonya maji unyevu ukifika asilimia 75, na njia za shaba huliwa kimyakimya. Kufungua mlango na kuweka feni siku kiyoyozi kimeharibika hupoza chumba kwa mchana mmoja na kuacha chumvi ndani kwa miaka.

Kwa wanaosaini mikataba hii nina ombi moja. Kabla wateja hawajahamishiwa kwenye ruta mpya, chagueni mchana wa joto kali, mzime umeme wa gridi kwa makusudi kwa saa nzima, jenereta likiwa limezuiwa lisiwake, na fundi asimame na kipimajoto mbele ya ruta ikiwa na mzigo kamili. Nyuzi 40 zikipita kabla ya saa kuisha, msikubali kukabidhiwa chumba hicho.