Popole Misenga: mwana wa Bukavu aliyepigana Olimpiki bila bendera ya DRC

Watoto wengi wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, wanajua maana ya kukimbia vita. Popole Misenga, aliyezaliwa Bukavu mwaka wa 1992, aliyajua hayo akiwa na miaka 9. Mapigano yalimtenganisha na jamaa yake, akakaa porini siku 8 kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa. Huko, katika kituo cha watoto waliokimbia vita, ndipo alipojifunza judo.

Mwaka wa 2013, yeye na Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu, walienda Rio de Janeiro, Brazili, kuiwakilisha DRC kwenye ubingwa wa dunia. Wanamichezo hao wawili walieleza baadaye kwamba kila waliposhindwa walifungiwa ndani na kupunguziwa chakula, na kwamba kule Rio waliachwa bila pesa wala pasipoti. Wakatoka hotelini, wakaomba hifadhi.

Kisa hiki si cha Congo peke yake. Nchini Cuba, Orlando Hernández, mrusha mpira hodari wa beziboli, alifungiwa kucheza mwaka wa 1996, baada ya ndugu yake Liván kukimbilia Marekani. Desemba 1997 akatoroka kwa mashua. Mwaka uliofuata tu, alitwaa ubingwa wa Marekani akiwa na timu ya New York Yankees. Cuba ilimpoteza, wengine wakavuna.

Misenga hakupata utajiri kama huo. Alianza upya mjini Rio, akifanya mazoezi na kocha Geraldo Bernardes. Mwaka wa 2016 yeye na Mabika waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, yenye wanamichezo 10, chini ya bendera ya Olimpiki. Mabika alitolewa mapema. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia. Mwaka wa 2021 alirudi tena, Tokyo, bado akiwa na timu ya wakimbizi.

DRC ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1968. Hadi mwisho wa michezo ya Paris 2024, ilikuwa haijapata medali hata moja. Vipaji havijakosekana. Kinachokosekana ni kuwatunza wenye vipaji hivyo kabla hawajaondoka.