Klorini Haitoshi kwa Mwenye Kinga Dhaifu

Dawa ya klorini inayotiwa kwenye mtungi wa maji huua viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Hata hivyo, kuna kimelea kimoja ambacho haikiwezi: kriptosporidiamu. Kimelea hiki hujificha ndani ya ganda gumu, na kipimo cha klorini cha nyumbani hukiacha kikiwa hai.

Mtu mwenye afya akikimeza huhara kwa wiki moja au mbili, kisha mwili hukishinda wenyewe. Hali ni tofauti kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye chembe zake za CD4 zimeshuka chini ya 100, au aliyepandikizwa figo. Kwao, kuhara kunaweza kuendelea kwa miezi huku uzani ukipungua. Mwaka wa 1993 mjini Milwaukee, Marekani, kimelea hiki kilipenya hadi kwenye maji ya mfereji yaliyokuwa yametiwa klorini, na takriban watu 400,000 wakaugua. Wengi wa waliofariki walikuwa na Ukimwi.

Kinachokiua ni moto. Maji yakianza kutokota yaachwe dakika 1, au dakika 3 katika maeneo ya milimani yaliyo juu ya mita 2,000. Kuni na makaa ni ghali, na si kila familia inaweza kuchemsha maji yote. Ikibidi kuchagua, maji ya kunywa ya mgonjwa yatangulie.

Ndama wanaohara pia hukisambaza, kwa hivyo kazi ya kuwasafishia zizi apewe mtu mwingine. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni; sanitaiza haikiui.

Baadhi ya wagonjwa hudhani septrini wanayopewa kliniki inatosha. Septrini hukinga dhidi ya toksoplasma, kimelea cha nyama isiyoiva na kinyesi cha paka ambacho hushambulia ubongo, lakini si dhidi ya hiki. Kinachosaidia zaidi ni ARV, kwa kuwa hurejesha kinga ya mwili. Hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na aliyeziacha hupokelewa tena.

Mwenye kinga dhaifu anayehara asingoje nyumbani. Aanze kunywa ORS, afike kituoni na kumweleza mhudumu hali yake waziwazi, kwani kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakioni kimelea hiki hadi maabara iombwe kukitafuta.