"Kujifungua bure": na uchungu je?

Uzi mfupi. Kila kampeni utasikia ati akina mama watajifungua bure. Si hewa tupu: Juni 2013 ada ya kujifungua iliondolewa hospitali za umma, ikaja Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo yako chini ya SHA. Lakini hebu uliza: mama akiwa leba aombe apunguziwe uchungu, atapata nini?

Mara nyingi atapata "jikaze mama". Epidura ipo Kenya, ila zaidi ni hospitali za kibinafsi, kwa mwenye pesa.

Wengi hudhani shida ni bei ya dawa. Kubwa zaidi ni mtu. Epidura ni mrija mwembamba unaopitishwa kwa sindano mgongoni, dawa ya ganzi inaingia kidogo kidogo. Presha ya mama inaweza kushuka, kwa hivyo lazima kuwe na muuguzi wa kuipima kila mara na mtaalamu wa ganzi karibu. Sasa huyo mtaalamu (hospitali za kaunti mara nyingi ni afisa wa kliniki aliyesomea ganzi) anangojwa thieta kwa upasuaji wa dharura. Akibaki leba, mama mwingine anaweza kufa. Ningekuwa yeye, ningeenda thieta.

Kwa hivyo hili ni suala la ajira, na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa kaunti. Gavana akisema "hiyo ni ya serikali kuu", mwambie sera ndiyo ya kule, wafanyakazi wa hospitali yake ni wake.

Halafu kuna wale wa "nyanya zetu walizaa bila hizo sindano". Kweli. Pia waling'olewa meno bila ganzi, na sijaona mwanasiasa akitaka turudi huko. Si kila mama anaitaka epidura, sawa. Ila WHO tangu 2018 inapendekeza mama mwenye afya njema akiiomba apewe, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja afya ya uzazi waziwazi.

Kaunti yako ikiita watu kutoa maoni ya bajeti, usiulize tu kama wodi ya uzazi itapakwa rangi. Uliza wataalamu wa ganzi wangapi wataajiriwa, na wangapi watakuwa zamu ya usiku.